Jinsi mtafsiri alivyotukutanisha na Van Damme

Marekani na Ulaya, mpenzi wa filamu anayetaka kumwona nyota wake wa zamani hukata tiketi ya kongamano, hupanga foleni mezani, hulipia saini kwenye picha, kisha hupewa muda mfupi wa kusalimiana. Kongamano la San Diego, maarufu kuliko mengi, lilianza mwaka 1970. Sisi wa Kiwalani, Dar es Salaam, jirani kabisa na uwanja wa ndege, hatukuwahi kuona nyota wa aina hiyo akishuka kwa ajili yetu. Jean-Claude Van Damme tulikutana naye kibanda umiza, yaani ukumbi wa mtaani wa kuonyesha video, na aliyetukutanisha ni mtafsiri aliyesimulia filamu kwa Kiswahili.

Vyombo vyake vilikuwa vichache: deki mbili za video, runinga, maiki na mikisa. Sauti ya filamu ilipita njia moja, ya mtafsiri njia nyingine, zote zikarekodiwa kwenye mkanda mpya. Akianza kusema anaishusha ya filamu, akinyamaza anaipandisha. Akichelewa kuishusha, maneno yanagongana. Akiishusha kupita kiasi, filamu inapoa na watu wanaanza kupiga soga.

Chukua pambano la mwisho la Bloodsport, filamu ya mwaka 1988. Chong Li, aliyeigizwa na Bolo Yeung, anamrushia Van Damme machoni unga aliokuwa ameuficha kiunoni. Tangu hapo mazungumzo ni haba: kelele za watazamaji, muziki, picha ya taratibu, na uso wa mtu asiyeona. Anayetafsiri neno kwa neno hapa hana kazi. Mtafsiri hodari ndipo anapoingia hasa. Anamkumbusha hata aliyechelewa kuingia kwamba steringi huyu alifundishwa na mwalimu wake kupigana akiwa amefungwa kitambaa machoni. Anaacha kusema "yeye", anasema "mimi", na ghafla mawazo ya Van Damme yanasikika kwa Kiswahili. Kisha, teke linapokaribia, ananyamaza na kupandisha sauti ya filamu. Kibanda kizima kinasimama.

Huo ukimya ndio ufundi ninaouheshimu kuliko wote. Watafsiri wengi wa baadaye waliuogopa, wakajaza kila mwanya kwa maneno.

Mtafsiri wetu Lufufu, kwa jina halisi Derek Gaspar Mukandala, alikuwa bingwa wa kuingia na kutoka ndani ya mhusika: mara msimulizi anayetufafanulia mila za wageni, mara mhusika mwenyewe anayefoka. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo, kila mmoja na mapigo yake.

Kazi yenyewe ya kuongezea picha sauti iliyowekwa kando ina mizizi mirefu. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri milimani Usambara, mradi wa wakoloni ulitengeneza filamu za mafunzo ambazo sauti yake iliwekwa kwenye santuri, kando na picha. Tofauti ni nani aliyeshika maiki: wale walitaka kutuelekeza, mtafsiri wa kibandani alitaka tuelewe na tufurahi.

Swali la hakimiliki lipo, na wenye filamu wana haki ya kudai. Lakini ile sauti ni kazi nyingine, ya msanii mwingine, na mikanda iliyoibeba inaota ukungu majumbani. Ukiwa na mkanda wa Lufufu uvunguni, usiutupe. Mtafute mwenye deki inayofanya kazi, auhamishie kwenye kompyuta.