Kuomba si kuombaomba: Barua za wanaotaka uzamili na uzamifu

KITENZI 'omba' kimetwikwa mzigo mkubwa katika Kiswahili. Muumini humwomba Mungu. Mkosaji huomba radhi. Mgeni aliyechoka huomba maji ya kunywa. Fukara huomba kando ya barabara. Mhitimu wa chuo kikuu naye huomba kazi, huomba nafasi ya masomo, huomba ufadhili. Vitendo hivi havifanani, ila neno ni lile lile. Wapo watakaosema kwamba hili ni suala la msamiati tu. Mimi naona lina uzito, hasa ninapozisoma barua ambazo vijana wetu wa mwambao, kutoka Mtwapa hadi Malindi na Magarini, huziandika wakitafuta nafasi ya uzamili au uzamifu.

Msimu wa barua hizo ni huu wa miezi ya mwisho ya mwaka. Anayetaka kwenda ng'ambo hudaiwa nakala rasmi ya matokeo, wasifukazi, barua za warejelewa, maelezo ya kusudi la kusoma na, mara nyingi, alama za mtihani wa Kiingereza. Wafadhili nao wana masharti yao. Chevening ya Uingereza, kwa mfano, kwa miaka mingi imewataka waombaji waandike kuhusu uongozi, kujenga mitandao, masomo wanayoyataka na mipango yao ya kazi. Anayebaki nyumbani, tuseme katika Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, kilichopata hati yake mwaka wa 2013, ataulizwa pendekezo la utafiti mapema au baadaye.

Leo nataka tuyahakiki maelezo ya kusudi kama tunavyohakiki utanzu wowote ule. Ni maandishi mafupi, aghalabu kurasa moja au mbili, lakini kuna watu ambao maisha yao yamegeuzwa na kurasa hizo kuliko na kitabu chochote walichowahi kusoma.

Aina ya kwanza ya barua hizi naiita maombi. Mwandishi hubisha hodi, husalimu, hujishusha. Husema ametoka katika familia maskini, kwamba yeye ni kifungua mimba na wadogo zake wanamtegemea, kwamba baba aliuza mbuzi ili yeye amalize shule. Huenda yote ni kweli, na Kilifi tunayajua haya vizuri. Lakini ukifika mwisho wa ukurasa hujui mtu huyu anataka kusoma nini. Amezungumza na mfadhili kama anavyozungumza mhitaji na tajiri. Adabu ya kwetu imemfundisha kwamba anayeomba hainui macho. Msomaji wa barua naye, awe Nairobi au Edinburgh, haulizi nani ana shida kubwa zaidi. Anauliza nani yuko tayari kwa kazi hii.

Aina ya pili ni majigambo. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanajua kwamba majigambo ni utanzu wetu wa kale wa mtu kujinaki. Shujaa alisimama mbele ya watu akataja vita alivyopigana. Mwombaji wa siku hizi naye hujigamba, ila hana vita vya kutaja. Hivyo hutumia sifa tupu: yeye ni mchapakazi, ana ari, ni kiongozi wa kuzaliwa, tangu utotoni amekuwa na kiu ya maarifa. Kumbuka kwamba jigambo la kweli halikuwa tupu hivyo. Lilitaja mahali, adui na siku. Hadhira ilikuwepo na ingemzomea mwongo. Hawa wetu wameuacha ushahidi wakabaki na kelele. Wahenga walishasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tabia hizi zimetoka wapi? Baadhi zimetoka kwenye madarasa yetu wenyewe. Katika KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiswahili ni ya insha. Swali la kwanza ni la lazima na kwa kawaida huhusu utungaji wa kiuamilifu: barua, hotuba, ripoti, tawasifu, wasifukazi na kadhalika. Ni mpango mzuri. Lakini tukichungulia yanayofanyika darasani tunakuta mtoto akikaririshwa mianzo. Anajua jinsi ya kulielezea jua linapochomoza hata kama swali linahusu ukame. Anaambiwa apachike methali tatu na tashbihi mbili ili apate alama za mtindo. Anajifunza umbo la barua, mahali pa kuweka anwani na mahali pa kutia sahihi, bila kuulizwa kama barua yenyewe ina jambo. Miaka minane baadaye anaandika maelezo ya kusudi kwa Kiingereza, naye anatafuta mwanzo wa kukariri. Intaneti imejaa mianzo hiyo.

Ipo aina ya tatu, nayo ni adimu. Naiita ushahidi. Shahidi haombi wala hajigambi. Anasema alichokiona, alikuwa wapi alipokiona, na kipi bado hakielewi. Hebu tuchukue mfano. Tuseme mhitimu wa isimu kutoka Malindi anataka uzamili. Anaweza kuandika kwamba Kiswahili ni lugha yenye utajiri mkubwa na kwamba yeye anakienzi. Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote. Lakini Malindi ni mji ambao Waitaliano wamekuwa wakija na kuishi kwa miongo mingi. Wauzaji wa vinyago na vijana wa ufuoni wamejifunza Kiitaliano bila mwalimu wala kitabu. Mwombaji huyu amelelewa hapo. Anaweza kuandika kwamba amemsikia mchuuzi akitaja bei kwa Kiitaliano, akishauriana na mwenzake kwa Kigiriama, kisha akimgeukia dereva wa tuktuk kwa Kiswahili, yote hayo katika dakika mbili. Anaweza kuuliza ni nini kinachoamua lugha ipi itumike kwa tendo lipi. Sasa tunaye mwanaisimu. Hajasema ana ari, lakini tumeiona.

Utajiri wa aina hii umetuzunguka. Kuna magofu ya Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke, hori la Mida, na kaya za Wamijikenda zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2008. Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust ambacho kimekuwapo tangu 1989. Mtoto wa mvuvi, wa mgema au wa mkulima wa mihogo ana maswali ambayo mwanafunzi wa London hawezi kuyabuni. Kinachomkwamisha ni dhana kwamba ya nyumbani ni ya aibu, au ni ya kuombea huruma tu.

Namkumbuka marehemu Katama Mkangi, mzaliwa wa Ribe. Wasomaji wengi wanamjua kwa riwaya zake *Ukiwa*, *Mafuta* na *Walenisi*. Wachache wanakumbuka kwamba alikuwa mwanasosholojia. Kitabu chake cha mwaka 1983 kiliwahusu Wataita, na kiliuliza familia ndogo na mageuzi ya umiliki wa ardhi vina gharama gani kwa jamii. Ule ulikuwa wakati ambapo familia ndogo ilihubiriwa kuwa dawa ya umaskini. Yeye hakwenda mbali kutafuta swali. Alilipata Taita, safari ya saa chache kutoka kwao, kisha akaliuliza kinyume na walivyotarajia wengi. Swali la aina hiyo ndilo kamati huwa inalitafuta.

Nije sasa kwa mitihani. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo serikali ya Uingereza huzihesabu kuwa ni za wasemaji wa Kiingereza. Yaani mtoto aliyefundishwa hisabati, jiografia na baiolojia kwa Kiingereza, pengine akichapwa kwa kusema Kigiriama shuleni, anaweza kudaiwa kuthibitisha kwamba anakijua Kiingereza. Kejeli hii inauma. Hata hivyo mwombaji asilie tu, aulize. Baadhi ya vyuo hukubali alama ya Kiingereza ya KCSE au barua ya kuonyesha kwamba shahada ya kwanza ilifundishwa kwa lugha hiyo. Wapo vijana waliolipa maelfu ya shilingi kufanya mtihani ambao chuo chao hakikuuhitaji. GRE nayo, ambayo gharama yake inazidi dola 200, imeachwa na idara nyingi za Marekani tangu 2020. Ulizeni kabla ya kulipa.

Ikiwa mtihani haukwepeki, basi ujue unachopimwa. Katika IELTS, insha kubwa inatakiwa isipungue maneno 250, na mtahiniwa hushauriwa aitengee kama dakika 40. Hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kujibu swali, mshikamano wa mawazo, msamiati na sarufi. Tazama kwamba kujibu swali kuna uzito sawa na msamiati. Aliyekariri mwanzo wa kupendeza usiohusiana na swali anajipunguzia alama. GRE nayo ilifupishwa Septemba 2023 ikawa chini ya saa mbili, na insha ni moja badala ya mbili. Anayejiandaa kwa vitabu vya zamani anajitesa bure. Ajabu ni kwamba stadi hizi tunazo. Mwanafunzi aliyefundishwa vyema insha ya mjadala kwa Kiswahili, akapima pande zote mbili na kuchukua msimamo, ameshajua nusu ya kazi. Hoja haina kabila wala lugha.

Lakini lawama zote zisiwaendee vijana. Sisi walimu wa vyuo vikuu tuna neno la kujibu. Kuna mazoea mabaya ya mhadhiri kumwambia mwanafunzi, "Andika barua mwenyewe, niletee nitie sahihi." Matokeo yake ni kwamba barua tatu za warejelewa watatu zina sauti moja, vivumishi vile vile na hata makosa yale yale ya tahajia. Kamati si wajinga, huona. Anayeumia ni mwanafunzi, ilhali mhadhiri anaendelea na chai yake. Barua ya mrejelewa ni ushahidi wa mtu mwingine. Mwanafunzi akiuandika mwenyewe, shahidi ametoweka.

Isitoshe, siku hizi kuna wauzaji wa barua mjini na kuna programu za akili unde, au akili mnemba kama wasemavyo Watanzania. Zote mbili zitakupa barua safi isiyo na kosa la kisarufi. Tatizo ni kwamba zitampa jirani yako barua iyo hiyo. Mashine haijawahi kukaa sokoni Malindi. Iwapo itakusaidia kusahihisha viambishi na nukta, sawa. Ikikuandikia ulichokiona, basi hukuona kitu.

Nimalizie kwa neno lenyewe 'uzamifu'. Limetokana na 'zama', yaani kuingia ndani kabisa ya maji. Mpiga mbizi wa Watamu hazami kwa kuomba wala kwa kujinaki. Anazama kwa sababu kuna kitu chini anachokitafuta, na pumzi yake ameipima. Kitenzi hicho hicho kimezaa 'zamia', na mzamiaji kwa watu wa pwani pia ni yule anayejificha ndani ya meli asilipe nauli. Barua ya kununuliwa humfanya mwombaji awe mzamiaji wa aina hii ya pili. Meli inaweza kumfikisha, lakini muhula wa kwanza atadaiwa nauli: pendekezo la utafiti lenye tatizo, madhumuni, nadharia na njia za utafiti, mbele ya watu watakaomuuliza kila neno.

Kwa hivyo ninawasihi walimu wa shule na vyuo vya kaunti yetu wawape wanafunzi zoezi moja kabla ya muhula kwisha. Kila mmoja aandike ukurasa mmoja kuhusu jambo alilolishuhudia mwenyewe na asilolielewa bado, bila methali ya kupachika, bila tashbihi, bila kujisifu. Waandike kwa Kiswahili kwanza. Tafsiri itakuja baadaye, na itakuwa na kitu cha kutafsiri.