Fidla Katika Taarabu: Msikilizaji Aanzie Wapi?

Kila tunapofika kwenye mada ya taarabu, wanafunzi wetu hapa Bugarama hupewa maneno ya wimbo yaliyopigwa chapa. Huhesabu mizani, hutafuta vina, na mada huwa imekwisha. Sisi wenyewe tumefundisha hivyo kwa miaka mingi. Sasa tunaona tulikosea, kwani katika taarabu nusu ya mazungumzo hufanywa na fidla, nayo haimo katika karatasi ile.

Atakayetaka kusikiliza asianze na rekodi za Siti binti Saad, alizokwenda kuzifanya Bombay mwaka 1928. Thamani yake ni kubwa, lakini mikwaruzo ya santuri za kale humchosha mgeni. Aanze na Spices of Zanzibar (1996) ya kikundi cha Culture Musical Club. Humo fidla hupigwa kadhaa kwa pamoja. Mwimbaji anapotua mwishoni mwa mshororo, fidla hupokea na kujibu, ndipo ubeti unaendelea. Kituo kile tunachokieleza darasani kwa alama ya mkato, hapa kinasikika.

Kikundi hicho hicho kilitoa Bashraf (2000), ambayo ni ya ala tupu. Mtu angedhani hiyo ndiyo ya kuanzia kwa mpenzi wa fidla. La hasha! Upigaji ni safi, ila fidla imekosa wa kumjibu. Tunashauri iwe ya mwisho.

Iliyotugusa zaidi ni Ng'ambo (1997) ya Kidumbak Kalcha, kundi la Makame Faki, maarufu kwa jina la Sauti ya Zege. Kidumbak ni taarabu ya watu wa kawaida: fidla moja, ngoma ndogo mbili, besi ya sanduku lenye uzi, na vijiti. Wimbo mmoja huingia katika mwingine bila kupumzika. Fidla hapa haisubiri zamu. Inakwaruza na kuwasukuma wachezaji. Huenda sikio lililozoea okestra likaiona chafu. Mwanafunzi wetu hataiona hivyo, kwa kuwa kwao ameisikia iningiri, yenye uzi mmoja tu, mpigaji akiimba mwenyewe huku upinde ukimfuata. Hatusemi ala hizi ni za ukoo mmoja. Tunasema sikio lake limekwisha kuandaliwa.

Muhula ujao karatasi ya maneno tutaigawa baada ya wimbo kusikilizwa mara mbili.