Unapoongeza dau, umeuza nini?

Mwaka 1956 Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, waliokutana jeshini kwenye kituo cha Aberdeen, Maryland, walichapisha hesabu za mchezo wa blackjack walizozipiga kwa mashine za kuhesabia za mezani. Walionyesha kwamba anayecheza sawasawa huiachia kasino faida isiyofika asilimia 1. Sehemu kubwa ya kucheza sawasawa ni kujua lini uongeze dau maradufu.

Ukiwa na karata mbili za kwanza, unaruhusiwa kuweka dau la pili, ila utapewa karata moja tu. Wachezaji wengi hulitazama dau wakalisahau sharti. Mimi huanza na sharti: linaninyima nini?

Chukua jumla ya 11, mgawaji akiwa ameonyesha 6. Ukipata karata ndogo, kuanzia ree hadi 5, unaishia 12 hadi 16. Lakini mbele ya 6 usingeomba nyingine hata kama ungeruhusiwa, maana mgawaji analazimika kuvuta mpaka 17, na huipita 21 na kushindwa takriban mara 42 katika 100. Haki uliyoiuza haikuwa na kazi. Faida unayoitarajia inakuwa mara mbili kamili, bila kukatwa chochote.

Mgawaji akionyesha 10, mambo hubadilika. Ukiangukia 12 hadi 16 ungetamani kuomba tena, na huwezi. Hata hivyo 11 bado inastahili dau la pili: aina 4 za karata kati ya 13 zinakupa 21. Ukiwa na 10, karata hizohizo zinakupa 20, ambayo mgawaji naye huifikia mara nyingi. Hapo omba karata, dau liache lilivyo.

Kosa la kawaida ni 8 dhidi ya 6. Mgawaji ni dhaifu kweli, lakini ukipata 2 au 3 unabaki na 10 au 11 isiyoendelea popote. Tofauti ni ndogo, ila kuomba kunashinda.

Ree na 7 ndiyo inayowashinda wengi. Wana 18, wanatulia. Mgawaji akiwa na 3 hadi 6, ongeza dau: ree huweza kuhesabiwa 1, kwa hiyo karata moja haiwezi kukupitisha 21. Utashinda mara chache kuliko kama ungetulia, lakini kwa madau mawili, na jumla ya fedha inazidi.