Mkono Ulio Ndani ya Kiatu

Mkazi wa Eastlands, Nairobi, anaweza kutoka Jerusalem akafika Jericho kabla hindi choma alilonunua njiani halijapoa. Ni mitaa jirani ya nyumba za zamani za baraza la jiji, na kina mama wa huku na kule huazimana chumvi. Ndani ya Biblia safari hiyo ni nyingine kabisa. Yerusalemu iko juu milimani, Yeriko iko chini hata ya usawa wa bahari, na njia huteremka kama mita 1,000 katika mwendo usiofika kilomita 30. Ndiyo njia ambayo Yesu alimweka yule msafiri aliyepigwa na wanyang'anyi akaachwa nusu mfu.

Kwenye njia yetu fupi ameketi fundi wangu wa viatu. Ana bati moja juu ya kichwa, sanduku la mbao, nyundo, kisu kilichonolewa mpaka kikawa chembamba, mkebe wa gundi, na kipande cha nta. Ana pia patipati mbili za kuvaliwa na mteja anayesubiri: moja ya buluu, nyingine nyekundu, zote za mguu wa kushoto. Ukizivaa huwezi kwenda mbali, kwa hiyo unakaa na kutazama kazi. Nadhani ndiyo maana yake.

Kwanza hupitisha kisu kuizunguka soli, akichora mfereji mdogo karibu na ukingo. Mfereji huo ndio siri ya ushonaji mzuri. Uzi ukilala ndani yake, lami haiufikii. Ukiachwa juu, wiki mbili za Jogoo Road zitaula. Kisha huchukua sindano yake, chuma chenye mpini wa mbao na ndoano ndogo nchani. Mkono wa kulia huichoma kutoka nje. Mkono wa kushoto umezama ndani ya kiatu, umeshika uzi, unaingojea. Ncha ikitokeza, vidole huuzungusha uzi kwenye ndoano; sindano inarudi nje na kitanzi, uzi wa pili unapita katikati yake, naye anakaza pande zote mbili mpaka mpira unalia. Tundu moja limekwisha. Kiatu kimoja kina matundu mengi.

Huku kwetu hata kiatu kipya hushonwa. Mtu hununua raba Gikomba, au raba za Bata aina ya Ngoma zilizotoka kiwandani Limuru, na kabla hajazivaa anazipeleka kwa fundi zizungushiwe uzi. Tumejifunza kutoiamini gundi. Kuanzia alfajiri umati wa watu huteremka kwa miguu kuelekea Industrial Area, wakilinda nauli iwe unga wa jioni, na mtu wa namna hiyo kiatu kikimwachia njiani hupoteza siku nzima ya kibarua.

Kutembea ni historia yetu pia. Jina Kariokor ni Carrier Corps lililozoea midomo yetu: kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, wakafa kwa maelfu, zaidi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Leo katika soko lenye jina hilo mafundi hukata tairi kuukuu na kuzigeuza kuwa akala. Kila nikipita hapo naona kama deni linalipwa polepole, miguu miwili miwili.

Nilimfahamu fundi wangu vizuri mwaka nilioachishwa kazi. Siku hizo nilikuwa nikizunguka kwenye mikutano ya injili nikitafuta wa kunitia moyo. Jumapili moja, chini ya hema, mhubiri alituambia mwaka ule ulikuwa wetu, tupande mbegu tuvune mara mia, kisha namba ya kutuma pesa za hiyo mbegu ikasomwa mara tatu. Tulirukaruka, nikatoka nimejaa moto. Jumatatu asubuhi, nikielekea kwenye mahojiano ya kazi, soli ya kiatu cha kulia ilifunua mdomo kama mamba, na moto wote ukatokea hapo.

"Mzee, sina kitu kwa sasa," nilimwambia.

"Sijakuuliza una nini. Vua."

Akakishona. Alipomaliza cha kulia alichukua cha kushoto, ambacho hakikuwa na neno, akakizungushia uzi pia. Nikamwambia hicho sikukileta kushonwa. "Uzi ulikuwa bado uko mkononi," akajibu, akanikabidhi vyote viwili bila kuandika popote kiasi ninachodaiwa.

Kazi sikuipata siku ile. Lakini nilikwenda na kurudi kwa viatu vilivyofungwa, na jioni nikafungua Injili ya Luka sura ya 10 nikaisoma kama mtu aliyekaa kwenye benchi la fundi. Kuhani na Mlawi wanatajwa kwa miguu yao: walikuja, waliona, walipita upande wa pili. Msamaria anatajwa kwa mikono: alimimina mafuta na divai, alifunga jeraha, alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake, alitoa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni. Hakuna mahali anapohubiri. Hatuambiwi alimtia moyo kwa neno gani. Kumimina, kufunga, kuinua, kulipa: hivyo ni vitendo vya fundi, na Yesu aliyekulia katika nyumba ya seremala alivijua.

Tangu hapo nimeacha kuitafuta imani mahali penye vipaza sauti vikubwa peke yake. Siwabezi wanaoimba, Jumapili zetu bila ngoma na vigelegele zingekuwa siku tupu. Ila Paulo mwenyewe alishona mahema kule Korintho, na William Carey, kabla ya kwenda India mwaka 1793 kupeleka Injili, alikuwa mshona viatu huko Uingereza. Sidhani walipoacha sindano kwenda kuhubiri walikuwa wanaondoka mahali pasipo na Mungu.

Jumamosi jioni ndipo utaona kazi ya fundi wangu inavyolihudumia kanisa. Viatu vyeusi vya wanakwaya vimepangwa, vya shemasi vinangoja kisigino, viatu vidogo vyeupe vya mtoto wa komunyo ya kwanza vimefungwa ndani ya gazeti visipate vumbi. Kesho yake watu watapiga magoti, na wakipiga magoti soli zao hutazama nyuma, zikionyesha uzi wake kwa waliokaa benchi linalofuata. Yeye mwenyewe huingia ibadani na akala.

Nilipopata kibarua nilirudi kulipa. Alikuwa anashona buti la mlinzi wa usiku, mkono wa kushoto umemezwa mpaka kwenye kiwiko. Nikaona ameshtuka kidogo, akautoa, akafyonza tone la damu kidoleni, akaurudisha. Nikamuuliza swali lililokuwa likinisumbua muda mrefu: kwa kuwa mkono ule hauoni chochote mle gizani, anajuaje kwamba uzi umeingia kwenye ndoano?

Akachoma sindano. Akatulia kidogo, kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza.

"Hujui," akasema. "Unavuta."

Akavuta, na kitanzi kikatoka.