Fani ya Udumifu: Kuusoma Muundo wa Maisha ya Soka ya Bobby Clark

Wasifu wa mwanasoka kwa kawaida husomwa kama orodha: timu alizopitia, makombe aliyoyainua, mwaka alioagana na uwanja. Orodha ya Bobby Clark, mlinda mlango aliyezaliwa Glasgow mwaka 1945 na baadaye akawa kocha, ina ushawishi wa pekee kwa sababu imetawanyika katika mabara manne: Queen's Park, Aberdeen, Bulawayo, Dartmouth, New Zealand, Stanford, Notre Dame. Msomaji akiishia hapo atasema huyu alikuwa mtu wa safari, na atakuwa ameusoma uso tu. Muundo unasema jambo jingine. Clark alikaa Aberdeen tangu 1965 hadi 1982, misimu 17. Akaifundisha Notre Dame, katika jimbo la Indiana, tangu 2001 hadi 2017, misimu 17 tena. Vituo vingine vinne vimebanwa katikati ya nguzo hizo mbili zenye urefu mmoja. Hoja yangu ni kwamba kitovu cha maisha haya ni udumifu, yaani ule ustadi ambao thamani yake haionekani mpaka muda mrefu uwe umepita juu yake, na kwamba mafanikio na mapungufu yake yote yanaeleweka vyema zaidi yakipimwa kwa kipimo hicho.

Sehemu ya kwanza, ile ya uchezaji, imejengwa kwa mbinu ambayo msomaji wa ushairi wetu ataitambua mara moja, nayo ni kibwagizo: mshororo mmoja unaorudi mwishoni mwa kila ubeti bila kubadilika, lakini unaopata maana mpya kutokana na ubeti uliotangulia. Kibwagizo cha Clark ni uwanja wa Hampden. Hapo ndipo palipokuwa nyumbani kwa Queen's Park, klabu ya ridhaa ambamo alianza kusimama golini, akiwa kijana anayecheza bila kulipwa katika dimba lililojengwa kumeza watu zaidi ya laki moja. Alirudi hapo Novemba 1967 akiwa na jezi ya Scotland, Wales wakafungwa 3-2. Akarudi tarehe 11 Aprili 1970 kwa fainali ya Kombe la Scotland, Aberdeen wakawafunga Celtic 3-1 mbele ya watazamaji zaidi ya 108,000. Kisha ikaja tarehe 14 Februari 1973, mechi ya kuadhimisha miaka 100 ya chama cha soka cha Scotland, ambapo England walimfunga mabao matano bila majibu. Novemba 1976 ukarudi tena, safari hii kwa Kombe la Ligi, Celtic wakafa 2-1. Malezi, heshima, ushindi, fedheha, ushindi: mlango ni ule ule, milingoti ni ile ile, na mtu anayesimama kati yake ni yule yule. Fani hii haimruhusu msomaji alifanye tukio moja kuwa hukumu ya mwisho, kwa maana kila ubeti unaofuata unalisahihisha lile lililotangulia bila kulifuta.

Ndani ya sehemu hiyo kuna kipande kinachostahili kusomwa kwa mwendo wa polepole zaidi, nacho ni rekodi ya msimu wa 1970-71. Clark alikaa dakika 1155 za ligi bila kufungwa, rekodi ya Uingereza nzima kwa wakati huo, sawa na mechi 12 kamili na dakika 75 juu yake. Rekodi ya namna hii ni matini ya ajabu, kwa kuwa kinachohesabiwa ni kile ambacho hakikutokea. Mshambuliaji huandika kwa matukio. Mlinda mlango huandika kwa kuyazuia matukio, na anapofanikiwa kabisa ukurasa hubaki mweupe. Kazi yake kubwa hufanyika kabla mpira haujamfikia: hatua mbili mbele ili pembe ya mpigaji isinyae, sauti inayomsogeza beki kabla krosi haijapigwa, uamuzi wa kubaki mstarini pale ambapo kutoka kungekuwa kujionyesha. Kwa hiyo haiwezekani kumtenga na Martin Buchan na Tommy McMillan waliokuwa mbele yake, wala na Eddie Turnbull, kocha aliyetoka naye Queen's Park mwaka 1965. Ukimya wa dakika 1155 ulitungwa na watu wengi, na yeye alikuwa mpangaji aliyesimama nyuma kabisa, mahali ambapo uwanja wote huonekana. Tazama pia mipaka yake. Kimya hicho kinaanza kwa bao na kuishia kwa bao, lile la Pat Stanton wa Hibernian pale Easter Road, tarehe 16 Januari 1971. Na msimu uliisha kwa Celtic kutwaa ubingwa kwa tofauti ya pointi mbili. Rekodi haikuzaa kombe. Muundo unakataa kutupa malipo ya papo hapo, na unatudai tusubiri.

Subira hiyo ilikuwa imekwisha kuandaliwa na matukio mawili yaliyotangulia. Kiangazi cha 1967 Aberdeen walikwenda Marekani kucheza ligi kwa jina la Washington Whips, na fainali dhidi ya Wolverhampton, waliokuwa wakicheza kwa jina la Los Angeles Wolves, ikaisha 6-5 katika dakika ya 126, beki wa Aberdeen, Ally Shewan, alipojifunga. Kipa aliyefungwa sita katika usiku mmoja wa California ndiye atakayekuja kukaa zaidi ya saa 19 za mchezo bila kufungwa hata moja. Ukinzani huo ni mkali kiasi kwamba mtunzi wa riwaya angeogopa kuutumia. Tukio la pili lilikuja mwaka 1969, alipopoteza nafasi yake kwa Ernie McGarr. Badala ya kuondoka, Clark alicheza kama mchezaji wa uwanjani, si wa golini, hata akaingizwa kutoka benchi katika mechi ya ligi. Kiutunzi, hapa mhusika anatolewa kwenye nafsi yake ya usimulizi na kulazimishwa kuuona mchezo kutoka katikati yake. Miezi michache baadaye alikuwa amerudi golini kwa ile fainali ya 1970. Mwalimu anayekuja kujitokeza katika sehemu ya pili anaanza kuchorwa hapa.

Kilele cha sehemu ya kwanza kimewekwa kwa utaratibu wa kupendeza. Tarehe 3 Mei 1980, Aberdeen wa Alex Ferguson waliifunga Hibernian 5-0 na kutwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1955, na ilikuwa Easter Road, palepale ulipokatika ule ukimya wa 1971. Mhakiki makini atajizuia kuliita jambo hilo majaliwa, kwa kuwa ratiba ya ligi haina nia ya kisanaa; hata hivyo athari yake kwa msomaji ni ya kweli, kwa sababu deni lililoachwa wazi linalipwa kwenye anwani ileile. Kinachofuata ni kigumu zaidi na ndicho kinachoipa fani hii hadhi yake. Usiku mkuu kuliko mwingine wowote katika historia ya klabu, fainali ya Ulaya mjini Gothenburg dhidi ya Real Madrid, Mei 1983, mlinda mlango alikuwa Jim Leighton, mrithi wake. Msuko unamnyima mhusika mkuu kilele ambacho yeye mwenyewe alikijengea msingi, na badala yake, mwaka huohuo, unampeleka Bulawayo kuifundisha Highlanders.

Bulawayo ndipo maisha haya yanapogeuka. Clark alikuwa amesomea ualimu wa elimu ya viungo katika chuo cha Jordanhill, na Zimbabwe, iliyokuwa na miaka mitatu tu ya uhuru, ndiko alikoutumia ualimu huo kama kocha mkuu kwa mara ya kwanza. Kwa hesabu ya kalenda, kituo hiki ni kifupi. Kwa hesabu ya mwangwi, ni kirefu kuliko vyote. Mwaka 2002 mwanawe Tommy, daktari aliyeishi Bulawayo akiwa kijana, alianzisha pamoja na wenzake shirika la Grassroot Soccer, linalotumia soka kuwafundisha vijana kuhusu Virusi vya Ukimwi, likianzia Zimbabwe; na miongoni mwa waasisi alikuwemo Methembe Ndlovu, mwana wa Bulawayo aliyesoma Dartmouth, chuo cha Marekani ambako Clark alikwenda kufundisha baada ya Zimbabwe. Njia iliyofunguliwa na baba iliendelea kupitika baada ya yeye mwenyewe kuhama.

Sehemu ya Marekani ina sharti gumu la kiumbo. Soka ya chuo humpa mchezaji misimu minne ya kucheza, kisha anaondoka. Kocha hutunga juu ya ubao unaofutwa robo yake kila mwaka. Mtunzi wa udumifu amepewa malighafi isiyodumu, na ufumbuzi wake ni kuuhamisha uendelevu kutoka kwa wachezaji kwenda kwenye mafunzo. Stanford, chini yake, ilifika fainali ya taifa mwaka 1998 ikafungwa 3-1 na Chuo Kikuu cha Indiana. Miaka 15 ilipita. Desemba 2013, Clark akiwa na umri wa miaka 68, Notre Dame walitanguliwa na Maryland, Leon Brown akasawazisha kabla ya mapumziko, na mpira wa adhabu wa Harrison Shipp ukamkuta Andrew O'Malley aliyeupiga kichwa ukazama wavuni: 2-1, ubingwa wa kwanza wa chuo hicho kwa wanaume. Inastahili kuzingatiwa kwamba O'Malley alikuwa beki. Ubingwa wa kocha aliyewahi kuishi kwa sauti anayowapa mabeki uliamuliwa na beki, kwa mpira uliosimama, yaani kwa aina ya bao ambalo hufanyiwa mazoezi mpaka likaiva.

Kipimo cha udumifu kinaeleza pia mahali fani hii inapolegea. Timu ya taifa ni utanzu wa muda mfupi: siku chache za kambi, mechi, kutawanyika. Clark alipata mechi 17 za Scotland. Alikwenda Argentina kwa Kombe la Dunia la 1978 na hakucheza, kwani Alan Rough alidaka mechi zote tatu. Kama kocha wa New Zealand, kati ya 1994 na 1996, hakuipeleka Kombe la Dunia. Ustadi wake ulihitaji nafasi ambayo utanzu huo hauna.

Hata hivyo nahodha wa New Zealand katika Kombe la Dunia la 2010, Ryan Nelsen, na kiungo wake Simon Elliott, walikuwa wamepitia mikononi mwa Clark pale Stanford. Na timu hiyo, kwa sare tatu, ndiyo pekee iliyoondoka Afrika Kusini bila kushindwa. Sidai kwamba matokeo hayo ni yake. Ninachodai ni kwamba kazi ya aina hii hufika kwa njia ndefu, kupitia wengine, mara nyingi ikiwa haina tena jina la mtunzi, na kwamba uhakiki unaohesabu makombe peke yake hauna chombo cha kuipimia. Mlinda mlango na mwalimu wanastahili msomaji ambaye yuko tayari kukaa na matini kwa muda uleule waliotumia wao kuitunga.