Mbuyu Hauangushwi na Upepo

Tarehe 29 Julai 2020, Benjamin William Mkapa, Rais wa Awamu ya Tatu wa Tanzania, alizikwa Lupaso, kijiji cha wilaya ya Masasi alikozaliwa mwaka 1938. Mtu wa hadhi hiyo akifariki, Waswahili husema mti mkubwa umeanguka, na wazee huongeza kwamba mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Usemi huo umeuona vizuri mshindo, kimya kinachofuata, na mwanga mkali pale palipokuwa na kivuli. Umesahau jambo moja tu: miaka. Mti mkubwa huchukua miaka mingi kuanguka, na dakika ile ya mshindo ndiyo fupi kuliko zote.

Lupaso ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili, kwa sababu sura mbili za nchi zinakutana karibu nayo. Upande wa Masasi kuna tambarare yenye vilima vya mawe vilivyochomoza kimoja kimoja, na kati yake imesimama mibuyu, mikwaju na miembe ya zamani. Mashariki yake unainuka uwanda wa juu wa Makonde, ambao ukingo wake huko Newala umepita mita 700 juu ya usawa wa bahari. Huko juu udongo ni mchanga mwekundu wenye kina kirefu, maji ya mvua huzama yakapotea, na ndiyo maana Newala imehangaika na shida ya maji tangu enzi. Udongo mmoja unaupa mti nafasi ya kuzamisha mizizi, mwingine unaukutanisha na mwamba mapema. Tofauti hiyo huamua mengi siku ya dhoruba.

Kitaalamu, mti mzee una njia tatu za kuondoka. Unaweza kung'oka na mizizi yake, ukaacha shimo na duara la udongo lililosimama wima kama ukuta. Unaweza kuvunjika shina, kisiki kikabaki ardhini. Au unaweza kufa ukiwa umesimama, ukapukutisha matawi mwaka hadi mwaka mpaka shina lenyewe litakapokosa cha kushikilia. Anayefika asubuhi akaukuta mti chini anaweza kujua ni njia gani iliyotumika kwa kutazama tu sehemu ya chini. Kazi kubwa ni kujua kwa nini.

Tuanze na kuoza. Fundi anayeijua miti haanzi kwa kutazama juu. Hugeuza shoka, akagonga shina kwa mgongo wake akizunguka polepole. Mti mzima hujibu kwa sauti kavu na fupi. Penye uwazi sauti hurudi nzito, kama ya ngoma iliyolegea, na mara nyingi hapo hapo, kwenye kovu la tawi lililokatika zamani, panatoka unga wa kahawia na harufu ya uyoga. Kuvu waliingilia kwenye kovu hilo. Wanakula kiini cha mti, ile sehemu ya ndani iliyokwisha kufa, huku tabaka hai lililo chini ya gome likiendelea kupandisha maji na kuotesha majani. Mti unaonekana na afya njema.

Na kwa muda mrefu kweli unayo nguvu. Sehemu ya shina inayohimili kupindwa ni ile ya nje zaidi, kwa sababu ile ile inayofanya fremu ya baiskeli itengenezwe kwa bomba badala ya nondo. Kwa hesabu ya bomba la duara, shina lililooza hadi nusu ya upana wake limepoteza takriban asilimia 6 tu ya uwezo wake wa kuhimili kupindwa. Likiwa wazi kwa asilimia 70, bado limebakiza kama robo tatu. Baada ya hapo mambo hubadilika ghafla: likifika asilimia 90, kilichobaki ni kama theluthi moja tu. Claus Mattheck, mtaalamu wa Karlsruhe nchini Ujerumani aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi miti inavyovunjika, alipendekeza kwamba ukuta mzima wa shina ukipungua chini ya takriban theluthi moja ya nusu-kipenyo, mti uhesabiwe kuwa hatarini. Wataalamu wengine wamebishana naye juu ya kipimo hicho, lakini umbo la hesabu halibishaniwi. Uharibifu hausikiki kwa miongo mingi, kisha kipande kidogo cha mwisho kinabeba kila kitu.

Upepo nao una hesabu yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Mwezi Aprili 1952 kimbunga kiliipiga pwani ya Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, kikiwa na upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa. Vimbunga vya aina hiyo ni nadra kusini mwa Tanzania, na miti mingi ya Masasi huanguka katika dhoruba za kawaida za masika. Mti hujijenga kwa upepo unaouzoea. Kusi ikivuma miezi mingi kutoka upande mmoja, mizizi ya upande huo hunenepa, ikafanya kazi ya kamba za hema, na ya upande wa pili ikawa kama bawaba. Dhoruba ya Februari inayokuja kutoka upande mwingine, juu ya udongo uliolowa mpaka ukalegea, inaikuta hema isiyo na kamba.

Hapa ndipo uchambuzi mwingi wa vijijini unapokosea. Watu husema, "Upepo wa jana umeuangusha." Upepo wa jana umekamilisha. Ukienda kwenye shimo la mti uliong'oka, usitazame shina. Tazama ncha za mizizi. Mzizi uliokatika ukiwa mzima una nyuzi ndefu nyeupe zilizochanika. Uliokuwa umeoza hukatika sawia, mfupi, mweusi, na ukiubana kati ya vidole unasagika kama mkate mkavu. Kwenye miti mikubwa iliyo ndani ya mashamba, hukosi kukuta pia makovu ya jembe na weusi wa moto wa kusafishia shamba.

Kuna mfano wa karibu unaoonyesha uzito wa mizizi kuliko maelezo yoyote. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, wilaya inayopakana na Masasi. Msitu ulitakiwa uondoke haraka. Yakaletwa matingatinga, na ikatumika hata minyororo ya nanga za meli: mashine mbili zikienda sambamba huku zikiburuta mnyororo kati yao, na nyingine nyuma ikisukuma mti uliokaidi. Mashina yakalala. Mizizi ikabaki ardhini, na ndiyo iliyoyavunja majembe ya matrekta yaliyokuja kulima. Kule Kongwa mibuyu peke yake ilikuwa msiba kwa madereva. Mwanzoni mwa 1951 mpango ulifutwa ukiwa umemeza mamilioni ya pauni. Yale matingatinga yalianzia kwenye shina yakashindwa na mizizi. Msitu wenyewe ukitaka kumwondoa mzee wake huanzia kwenye mizizi, na shina hufuata lenyewe.

Mbuyu unastahili kuzungumziwa peke yake, kwa kuwa haufuati kanuni za mti wa mbao. Nyama yake si mbao kwa maana ya fundi. Ni tishu laini iliyojaa maji, na uzito mkubwa wa shina lake bichi ni maji hayo. Watafiti waliopima mibuyu ya Madagaska na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006 walieleza kwamba hazina hiyo ya maji inausaidia sana mti kusimama: chembe zilizovimba kwa maji hubana kama mpira uliojazwa upepo, na unene wa shina hufidia ulaini wake. Mbuyu unaokaukiwa kwa hiyo unapoteza maji na mifupa kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ukifa hauachi gogo la kupasua. Unanywea, nyuzi zinaachana, na baada ya misimu michache pamebaki rundo linalofanana na kamba zilizooza.

Tena mbuyu mkubwa mara nyingi si shina moja. Adrian Patrut wa Chuo Kikuu cha Babeş-Bolyai, Romania, na wenzake walipima umri wa mibuyu zaidi ya 60 kwa kaboni, wakaonyesha kwamba mingi ya ile mikubwa ni mashina kadhaa yaliyoota kwa duara na kuungana. Uwazi wa katikati ambamo watu hujificha mvua huenda haukuwahi kuwa na nyama hata siku moja. Shina moja likifa, mengine yanapoteza mwenza wa kuegemeana.

Katika utafiti wao uliochapishwa Juni 2018, walitoa habari ya kusikitisha. Kati ya mibuyu 13 iliyo mizee kuliko yote waliyoijua Afrika, 9 ilikuwa imekufa au kuanguka kwa sehemu tangu mwaka 2005. Kati ya 6 mikubwa kuliko yote, 5 ilipatwa na hayo hayo. Mbuyu wa Panke nchini Zimbabwe, uliokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 2,400, ulikwisha kufikia mwaka 2011. Mbuyu wa Chapman nchini Botswana, uliokuwa alama ya wasafiri tangu karne ya 19, uliporomoka Januari 2016. Watafiti walishuku joto na ukame, wakasema wazi kwamba uthibitisho bado unahitajika. Miti hiyo mikongwe iko kusini mwa Afrika, na hakuna sababu ya kuihamishia Masasi hukumu yake. Tanzania ina kisa chake: huko Ruaha, tafiti za miaka ya 1970 zilionyesha mibuyu ikipungua kwa sababu ya tembo waliokuwa wakibandua magome na kuchimba mashina kutafuta unyevu. Binadamu hubandua gome la mbuyu pia, kwa ajili ya kamba, na mti huo una kipaji adimu cha kuotesha gome jipya. Kipaji hicho kina mpaka wake pale moto unapowashwa ndani ya uwazi kufukuza nyuki.

Miti mingine huweza kudumu ikipata mahali pa kujificha. Katika bonde moja la Kilimanjaro, Andreas Hemp na wenzake walipima mkukusu wenye urefu wa mita 81.5, wakautangaza mwaka 2016 kuwa mti mrefu kuliko yote ya asili iliyowahi kupimwa Afrika. Umri wake unakadiriwa kuwa karne tano au sita. Bonde lina kina, maji na rutuba ya volkano, na upepo hupita juu yake. Mti wenye umbo hilo ungesimamishwa ukingoni mwa Newala, huenda usingefika umri huo.

Je, mti unaweza kuzuiwa usianguke? Huko Thika, Kenya, inasimuliwa kwamba wakoloni waliuzungushia chuma na saruji mti wa mugumo ambao nabii Mugo wa Kibiru alitabiri kwamba kuanguka kwake kungekuwa mwisho wa utawala wao. Mti ukapasuka mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Utabiri tuwaachie wenyewe. Kwa upande wa ufundi, pete ya chuma hushika shina tu, na mambo yanayouangusha mti mzee mara nyingi yako chini ya pete.

Mti ukishalala, msitu huanza kazi nyingine. Mwanga unafika mahali ambapo haukufika kwa karne, na miche ya mvule, ambayo hudumaa kivulini, hupata nafasi yake. Shimo la mizizi hukusanya majani na maji. Mbuyu ulioanguka huku mizizi michache ikiwa bado ardhini unaweza kuchipua ukiwa umelala na kuishi hivyo miaka mingi. Kwenye mahame ya kusini, vijiji vilivyoachwa watu walipohamishwa miaka ya 1970, miembe mizee inaanguka bila mtu wa kusikia, na kila mmoja unaacha uwazi ambao vichaka vinaufunga kwa misimu michache. Mti uliolala mbali na nyumba na njia ni vema uachwe hapo hapo.

Ulio karibu na nyumba ni habari nyingine. Mwenye mwembe au mbuyu wa mababu, iwe Lupaso, Masasi mjini au Newala, na aukague mwezi Novemba kabla ya mvua. Agonge shina pande zote. Atazame kama kuna uyoga mgumu uliochomoza kama sikio karibu na ardhi, na kama udongo umepasuka kwa mstari uliopinda upande mmoja wa shina, kwa sababu ufa huo unaonyesha kuwa mizizi imeanza kuachia. Asilime chini ya kivuli chake, wala asichome majani kwenye shina. Akiuona ule ufa, awahamishe watoto wasilale upande ambao mti umeinamia, usiku huo huo.