Sahihi Iliyofutwa: Suala la Utunzi katika Bilder aus Mekka

Kitabu cha Christiaan Snouck Hurgronje, Bilder aus Mekka, kilichochapishwa Leiden mwaka 1889, ni miongoni mwa vitabu adimu vya picha za mwanzo za mji wa Makka na ibada ya Haji. Kwa muda mrefu, jina lililo jaladani lilichukuliwa kuwa jibu tosha kwa suala la utunzi. Usomaji makini unalitilia shaka jibu hilo.

Thamani ya kitabu hiki haitokani na kutangulia. Muhammad Sadiq, ofisa wa jeshi la Misri, alikwisha kupiga picha Madina mwaka 1861 na Makka mwaka 1880. Upekee wake ni kwamba picha zake nyingi ni kazi ya mwenyeji: Sayyid Abd al-Ghaffar, tabibu wa Makka, aliyefunzwa ufundi huo na Snouck. Tabibu alitia sahihi yake kwa Kiarabu. Picha zilipochapishwa, sahihi iliondolewa. Snouck anakiri kuwa mpigapicha ni tabibu wa Makka, ila jina halitaji. Kinaya ni kwamba Mholanzi huyo mwenyewe, aliposilimu mwaka 1885, alijitwalia jina hilohilo la Abd al-Ghaffar.

Tarehe nazo zinamtetea tabibu. Snouck aliingia Makka Februari 1885, akafukuzwa Agosti. Haji ya mwaka huo iliangukia Septemba. Hakuishuhudia. Mahema ya mahujaji yaliyotanda Mina na Arafa, basi, yalionwa na jicho jingine.

Yawezekana kupinga kwamba uteuzi wa picha na maelezo yake ni kazi ya Snouck, na kwamba mhariri naye ni mtunzi. Hoja hii ina uzito, lakini haihalalishi kufuta. Ikiwa na sahihi, picha ni ushahidi wa Muislamu juu ya mji wake na ibada yake. Bila sahihi, inageuka kielelezo cha taaluma ya mgeni. Picha ni ileile, maana imehama.

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili si mgeni wa hali hii. Desturi za Wasuaheli ilitoka Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, ilhali sehemu kubwa yake ilitokana na kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Ni tafsiri ya J.W.T. Allen, mwaka 1981, iliyoliweka jina la Mtoro katika anwani. Tangu hapo kazi hiyo husomwa kama sauti ya Mswahili akiieleza jamii yake, wala si ghala la data tu.

Tabibu wa Makka anastahiki usomaji wa namna hiyo. Kumtaja si hisani. Ni sharti la kukielewa kitabu.